Mgeni na Maji ya Bomba Endagikot

Kata ya Endagikot imo wilayani Mbulu, mkoani Manyara, katika nyanda za juu za Wairaqw, nchi ya baridi na ya vilima vilivyolimwa tangu mabondeni hata karibu na vilele. Wageni wa ng'ambo si jambo geni wilayani humo: mwaka 1955 wamisionari wa Kinorwe walifungua hospitali ya Haydom, na tangu hapo wamefuata waganga, waalimu, mapadri, masista, watafiti wa lugha na vijana wa kujitolea, baadhi yao wakija kwa msimu mmoja na baadhi wakidumu umri mzima. Kila ajaye na nia ya kukaa, awe ametoka Oslo au Nairobi, maana hata Mkenya asemaye Kiswahili fasaha ni mgeni mbele ya sheria, hukabiliwa na haja isiyongoja, nayo ni maji ya nyumbani.

Wengi katika hao hudhani kuwa maji huagizwa kama sukari dukani, yaani mtu hutoa fedha, hupokea bidhaa, na huo ndio mwisho wa maneno. Dhana hiyo ndiyo inayowachelewesha. Maji ya bomba katika nchi kama Mbulu ni ushirika kabla ya kuwa biashara, na asiyeingia katika ushirika huo kwa mlango wake huweza kuwa na fedha tele mfukoni na bado akachota kwa ndoo.

Sababu yake imo katika tarikhi. Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilijiwekea azma ya miaka 20, kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka maskani yake, tena bila ya malipo. Nia ilikuwa njema, na mashine nyingi zilifungwa na mabomba mengi yakatandazwa. Lakini palipokosekana mafuta ya kuendeshea mashine, au kipuri kidogo cha kuziba tundu, bomba lilikauka na watu wakarejea kisimani, kwa kuwa mradi ulihesabiwa kuwa ni wa Serikali, wala hapakuwa na mtu wa karibu aliyeona kuwa dhamana ni yake. Sera ya Maji ya 1991 ikaleta kanuni ya kuchangia gharama, ile ya 2002 ikaitilia nguvu, na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 ikaunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ambao watu huuita RUWASA, na chini yake vyombo vya jamii vinavyokusanya fedha, vinavyotengeneza mabomba na vinavyotoa hesabu mbele ya watumiaji wenyewe. Mgeni anapoomba maji, basi, anaomba kupokewa katika jambo ambalo wengine wamekwisha kulitolea jasho.

Swali la kwanza la kuuliza ni hili: bomba lipitalo mbele ya nyumba ni la nani? Mijini husimamia mamlaka ya maji, ambayo bei zake hupitiwa na kuidhinishwa na EWURA, mdhibiti aliyewekwa kwa sheria ya 2001. Vijijini husimamia chombo cha jamii chini ya uangalizi wa RUWASA. Mahali kama Endagikot, ambapo maisha ya mji na ya shamba hukaribiana, haifai kukisia. Jirani mwenye bomba, au mtendaji wa kata, atalijibu swali hilo kwa dakika moja, na dakika hiyo humwokoa mgeni na safari za bure baina ya ofisi na ofisi.

Swali la pili ni la nyumba. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kupewa ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa kisheria, na kwa hiyo mgeni wa kawaida ni mpangaji, au mkaazi wa nyumba ya taasisi iliyomwalika. Hili lina athari kubwa katika maji, maana akaunti aghalabu huwa kwa jina la mwenye nyumba na hubaki na nyumba hata wapangaji wakibadilika. Kabla ya kutia saini mkataba wa kupanga, mgeni mwenye busara huomba kuonyeshwa ankara ya mwisho, ahakikishe kuwa hakuna deni la aliyemtangulia. Kisha yeye na mwenye nyumba huisoma dira ya maji pamoja, huiandika namba yake katika mkataba, na hukubaliana kwa maandishi nani atalipa kila mwezi na nani atagharimia bomba likipasuka. Ikiwa nyumba haijawahi kuungwa, ombi hutolewa na mwenye nyumba, au na mpangaji kwa idhini yake iliyoandikwa, kwani si haki mtu kupasua kiwanja cha mwenzake kwa ajili ya bomba.

Ndipo hufuata hati. Jitayarishe na pasipoti, kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji, mkataba wa nyumba au barua ya taasisi, na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Wageni wengine huiona hii ya mwisho kuwa ni usumbufu wa mihuri, ilhali ndiyo yenye uzito kuliko zote; kwa sababu mwenyekiti hawezi kumtambulisha mtu asiyemjua, na ili kumjua itampasa kumwuliza anatoka wapi, anafanya kazi gani na anakaa kwa nani, na pengine ataita balozi wa nyumba kumi na majirani wawili watatu wamwone. Aendaye kwa taadhima, akawaamkia wazee shikamoo na asionyeshe haraka, hutoka na barua pamoja na watu watakaomtetea siku ya shida.

Fomu ikishapokelewa, fundi huja kupima umbali kutoka bomba kuu hadi nyumbani, huandika makadirio ya mabomba, viungio, koki na dira, na mwombaji hupewa namba ya malipo ya Serikali, ambayo huilipia benki au kwa simu. Hapa pana neno la kushika: fedha ya kuungwa hailipwi mkononi mwa mtu yeyote, hata awe mwema namna gani, na kila malipo yana stakabadhi yake. Kujiunganishia kwa siri ni kosa la jinai kwa mujibu wa sheria, na mgeni aliyedanganywa na kishoka, yaani fundi asiye rasmi, huweza kujikuta anakosa maji, fedha na heshima kwa pamoja. Mara nyingi kuchimba mtaro huachiwa mwombaji mwenyewe, na wahenga waliosema kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe, hapa hueleweka kwa maana yake ya dhahiri kabisa. Awezaye na achimbe. Asiyeweza aajiri vijana wa jirani, asimamie kina cha mtaro, ili bomba lisikatwe na jembe la msimu ujao.

Maji yakishaingia, hesabu yake ni nyepesi. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Nyumba itumiayo ndoo 10 kwa siku itafikisha yuniti 6 katika siku 30, na ankara ikionyesha zaidi ya hapo bila ya sababu, funga koki zote za ndani na uitazame dira: ikiwa bado inazunguka, maji yanavuja mahali. Kwa kuwa kiangazi huleta mgao, tanki ni la lazima, nalo liwekwe juu ya msingi imara, maana lita 1,000 ni uzito wa tani nzima.

Ama maji ya kunywa, yachemshwe, lakini ijulikane kuwa moto huua vijidudu tu. Katika Bonde la Ufa, mikoa ya Arusha na Manyara ikiwamo, baadhi ya visima vina floridi iliyozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ndiyo inayotia madoa meno ya watoto na, ikizidi sana, kupinda mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, bali huizidisha kwa kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Mwenye watoto wadogo na aulize chanzo cha maji yake na matokeo ya kupimwa kwake. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, au chujio la mkaa wa mifupa, ni katika tiba zinazojulikana.

Limebaki la ujirani. Katika itikadi ya kale ya Wairaqw, vijito na chemchemi ni makao ya netlangw, pepo wa majini wenye kuogopwa, na ingawa wengi leo ni Wakristo, adabu ya mahali pa maji haijafutika. Mgeni asiende kuchimba, kufulia au kupiga picha chemchemini pasipo kuwauliza wazee. Vilevile, mgao ukikaza na tanki lake likawa na akiba, watakuja watoto na ndoo. Afanye upatano mapema na mwenye nyumba na chombo cha maji kuhusu kugawa, kwa maana kugawa na kuuza ni mambo mawili, kisha ahudhurie mkutano wa watumiaji wa maji, asikilize hesabu zikisomwa, na atoe mchango wake wakati wa matengenezo kama wanavyotoa wengine.

Na siku ya kuhama, aisome dira kwa mara nyingine mbele ya mwenye nyumba, alipe ankara ya mwisho, amkabidhi stakabadhi zote. Deni la mgeni aliyeondoka hulipwa na aliyebaki, na kijiji kilicholipa deni la mgeni mmoja humpima kwa deni hilo mgeni wa pili kabla hajafungua mkoba wake.