Alama za Mwili wa Mwanadamu katika DNA ya Kirusi

Ndui ya nyani, ambayo siku hizi yaitwa mpox, si maradhi mageni nchini Kongo, kwani mgonjwa wa kwanza miongoni mwa wanadamu alijulikana mwaka 1970 huko Basankusu. Lakini ile iliyozuka mnamo Septemba 2023 huko Kamituga, mji wa wachimba dhahabu ulio kusini-magharibi ya Bukavu, iliwatia matabibu shaka, kwa kuwa aghalabu ugonjwa huu humtoka mnyama wa msituni ukampata mtu, ukapita kwa jamaa zake wachache kisha ukakoma, ilhali hapa uliwashika hasa vijana na watu wazima, wakiwemo wanawake wafanyao biashara ya ngono. Je, ulikuwa ukitoka kwa wanyama mara kwa mara, au ulikwisha kupata njia ya kudumu kati ya mtu na mtu? Mgonjwa aulizwaye habari za faragha yake ana haki ya kunyamaza, na wengi hunyamaza. Kwa hiyo jawabu lilitafutwa katika DNA ya kirusi chenyewe.

DNA hiyo ina herufi zipatazo 197,000, zote za aina nne tu, A, C, G na T, na kwa tabia yake hubadilika polepole mno. Lakini mwilini mwa mwanadamu mna vimeng'enya viitwavyo APOBEC3, ambavyo kazi yake ni kuharibu maandishi ya virusi kwa kuigeuza C, hata mwishowe ikasomwa T. Wala havigeuzi kila C, bali hasa ile iliyotanguliwa na T, kama mnakili akoseaye daima neno lile lile. Hivyo TC huwa TT, na kwa kuwa DNA ni nyuzi mbili zinazokabiliana, katika uzi wa pili GA huonekana kuwa AA. Kirusi kinachosalimika huchukua alama hizo na kuzirithisha.

Alama moja si ushahidi, maana badiliko la namna hiyo laweza kutokea kwa sadfa. Kinachozingatiwa ni wingi wake. Katika virusi vilivyoenea baina ya watu kuanzia Nigeria, wataalamu walikadiria alama kama sita kwa mwaka. Basi sampuli za Kamituga zilipochunguzwa, alama hizo zilikithiri, nalo tawi hili jipya, lililopewa jina la Ib mwaka 2024, likahesabiwa kuwa linapita kati ya watu, ingawa alama hazisemi, wala hazipaswi kulazimishwa kusema, ni nani aliyemwambukiza nani.

Tawi hilo lilikuwa na ajabu nyingine: limepoteza kipande cha DNA ambacho kipimo cha PCR cha kutambua kundi la kwanza la virusi hivi, lenye tawi hilo, kilikitegemea, hata mgonjwa akaonekana ana mpox kwa kipimo cha jumla, na kile mahsusi kikakana. Wataalamu wakabuni kipimo kingine, kinachokitambua kirusi kwa pengo lile lile.