Timu Mbili Ambazo Wamarekani Hawajazisahau

Kandanda mwaijua vema. Kila kijiji kina kiwanja chake, hata kama milango yake ni miti miwili iliyochomekwa ardhini. Lakini mpira wa kikapu je? Labda mmeuona ukichezwa shuleni au seminarini. Labda mmesikia habari za kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, yule mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3. Huyo alikwenda kucheza katika Chuo Kikuu cha Connecticut huko Marekani, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kati ya vijana wote walioitwa mwaka ule kuingia katika timu kubwa za kulipwa. Hakuna Mtanzania aliyefika huko kabla yake.

Sasa mtu atauliza: chuo ni mahali pa kusoma, mbona kinasifiwa kwa mpira? Huko Marekani ndiyo desturi yao. Timu za vyuo zina mashindano yao ya nchi nzima tangu mwaka 1939, na kila mwaka mwezi wa tatu watu huacha kazi zao kuzitazama. Timu ikishindwa mara moja tu, imekwisha, inafunga mizigo na kurudi nyumbani. Nami leo nataka kuwasimulia habari za timu mbili za zamani. Zote mbili ni za vyuo vya mapadre Wajesuiti. Sikuzichagua kwa sababu hiyo tu, mtaona wenyewe.

Kwanza, mchezo wenyewe, kwa ajili ya bibi na babu wanaosomewa gazeti hili jioni. Ulianzishwa mwezi wa Desemba 1891 katika mji wa Springfield na mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada, jina lake James Naismith. Baridi ilikuwa kali, vijana wake hawakuweza kucheza nje, nao walikuwa wakorofi kwa kukaa bure. Basi akapigilia makapu mawili ya matunda kwenye ukingo wa roshani, juu futi 10, akawapa mpira, akawaandikia sheria 13. Makapu yale yalikuwa na matako kama kapu lolote, hata kila mpira ulipoingia ilibidi mtu apande kuutoa! Siku hizi ni duara la chuma lenye wavu uliotoboka, na kila upande wachezaji watano. Lakini zile futi 10 hazijabadilika.

Haya, twende San Francisco, mji wa pwani ya magharibi ya Marekani. Chuo cha Wajesuiti kilikuwako pale tangu 1855, walakini mwaka 1954 hakikuwa hata na ukumbi wake wa kuchezea. Timu ilifanya mazoezi katika ukumbi wa shule ya sekondari iliyo jirani. Watu wakaitania, wakaiita timu isiyo na makao.

Katika timu hiyo alikuwamo kijana mweusi, Bill Russell. Alizaliwa Louisiana, kusini, mwaka 1934, mahali ambapo mtu mweusi alikuwa na mlango wake, bomba lake la maji, na kiti chake cha nyuma katika basi. Wazazi wake walihamia California wakitafuta kazi na heshima. Alipokuwa na miaka 12 mama yake akafa. Shuleni hakuwa mchezaji wa kusifiwa hata kidogo, nusura aachwe nje ya timu. Chuo kimoja tu kilimwita kumsomesha, nacho ndicho hicho cha San Francisco.

Chumbani akawekwa pamoja na kijana mwingine mweusi, K. C. Jones, mzaliwa wa Texas. Huyu alikuwa mkimya mno. Lakini ulimi ulipofunguka, hao wawili wakawa wanakesha wakizungumza juu ya mpira: ukigonga chuma upande huu utaruka wapi, mtu wa mkono wa kulia hupenda kuelekea wapi, asimame wapi mlinzi ili amzuie. Walifanya mpira kuwa hesabu. Wakati ule walimu wengi wa mchezo walifundisha kwamba mlinzi mwema haachi ardhi. Russell akaruka. Akaupiga mpira ungali hewani kabla haujafika kikapuni, tena hakuutupa nje kwa watazamaji kama wenye kupenda sifa, bali aliusukuma polepole kuelekea kwa wenzake. Mimi naona hapo ndipo palikuwa na akili yake yote.

Mwalimu wa timu aliitwa Phil Woolpert, mzungu. Mapema katika msimu ule walishindwa na chuo cha UCLA, 47 kwa 40. Baada ya hapo Woolpert akamwingiza Hal Perry miongoni mwa watano wa kuanza. Perry naye alikuwa mweusi. Basi sasa weusi watatu, weupe wawili. Ninyi mtasema: kuna ajabu gani? Ajabu ilikuwako. Vyuo vingi havikuwa na mweusi hata mmoja, na vile vilivyokuwa nao viliona haya kuwaanzisha zaidi ya mmoja au wawili. Haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua. Woolpert aliandikiwa barua za matusi. Hakubadili timu yake.

Desemba hiyo hiyo ya 1954 wakaalikwa kwenye mashindano ya Oklahoma City. Walipofika, hoteli za mjini zikasema weupe karibuni, weusi hapana. Hapa tutulie kidogo. Vijana wale weupe wangeweza kulala kitandani kwa raha na kusema, poleni wenzetu, tutaonana kesho uwanjani. Nani angewalaumu? Ndiyo ilikuwa desturi ya nchi. Lakini walikataa hoteli. Timu nzima ikaenda kulala katika bweni tupu la wanafunzi waliokwenda likizo ya Noeli, weusi na weupe chini ya dari moja.

Haikuishia hapo. Walipokuwa wakifanya mazoezi, baadhi ya watazamaji wakawarushia senti uwanjani, kama mtu amtupiavyo ombaomba. Yasimuliwa kwamba Russell aliinama, akaziokota zile senti moja moja, akamkabidhi mwalimu wake amtunzie. Kisha wakacheza, wakashinda, wakachukua kombe la mashindano yale.

Tangu kule kushindwa na UCLA hawakushindwa tena. Machi 1955 wakafika mchezo wa mwisho katika mji wa Kansas City, wakakutana na La Salle, chuo cha mabruda wa Philadelphia, waliokuwa mabingwa wa mwaka uliotangulia. La Salle walikuwa na Tom Gola, mchezaji wa sifa kubwa, mrefu wa futi 6 na inchi 6. Watu wote walidhani Russell ndiye atakayemlinda. Woolpert akamweka Jones, aliyekuwa mfupi kwake kwa inchi kama 5! Jones akamganda Gola kama kupe, tena mwenyewe akatia pointi 24. Russell alitia 23. San Francisco 77, La Salle 63.

Mwaka uliofuata wenye sheria za mchezo wakapanua ile njia iliyo mbele ya kikapu, kutoka futi 6 hadi futi 12, ili warefu kama Russell wasisimame karibu mno. Haikusaidia. Mwaka 1956 Jones hakuruhusiwa kucheza mashindano ya mwisho, kwa kuwa miaka yake ya kucheza ilikuwa imetimia, na hata hivyo wakaipiga Iowa 83 kwa 71. Michezo 29, ushindi 29. Hakuna timu iliyokuwa imechukua ubingwa wa mashindano hayo bila kushindwa hata mara moja. Wakaendelea mpaka ushindi 60 mfululizo. Hesabu hiyo haikuvunjwa ila mwaka 1973.

Mwisho wa mwaka ule wa 1956 Russell na Jones walikwenda Melbourne kuichezea nchi yao katika Olimpiki, wakarudi na dhahabu. Baadaye Russell alichukua ubingwa mara 11 katika miaka 13 pamoja na timu ya kulipwa ya Boston, na mwaka 1966 akawa mweusi wa kwanza kuwa mwalimu mkuu wa timu katika ligi ile. Afrika nayo hakuisahau: alifika Liberia, akanunua huko shamba la mpira. Nasema mpira ule wa kugemwa mtini, wasomaji, msicheke. Perry yeye akawa mwanasheria. Jones akafariki Desemba 2020, na Russell Julai 2022.

Sasa tuvuke nchi hadi Chicago, miaka saba baada ya ushindi wa Iowa. Chuo cha Loyola, nacho cha Wajesuiti, kilikuwa na weusi wanne katika watano wake: Jerry Harkness aliyekuwa kapteni, Les Hunter, Vic Rouse na Ron Miller. Wa tano alikuwa mzungu, John Egan. Mwalimu wao George Ireland hakuwa mtu wa kubadili wachezaji ovyo.

Machi 1963 mashindano yakawakutanisha na chuo cha Mississippi State. Hapo ndipo penye kisa. Mississippi lilikuwa jimbo gumu kupita yote kwa ubaguzi. Miezi michache tu kabla ya hapo, kijana mweusi James Meredith alipoingia chuo kikuu cha jimbo lile, zilitokea ghasia hata watu wawili wakauawa. Timu ya Mississippi State ilikuwa hodari, imeshinda ligi yake mwaka 1959, 1961 na 1962. Mara zote tatu ilikaa nyumbani, kwa sababu katika mashindano ya nchi nzima ingelazimika kucheza na weusi. Fikirini uchungu wa vijana wale: mwashinda, kisha mwaambiwa kaeni.

Mwaka 1963 wakashinda tena. Safari hii mkuu wa chuo, Bwana Dean Colvard, akaamua: timu itakwenda. Gavana hakupenda. Wanasiasa wakakimbilia mahakamani, wakapata amri ya kuizuia timu isitoke katika jimbo. Amri ya mahakama, lakini, haina nguvu mpaka mtu akabidhiwe mkononi. Basi mkuu wa chuo akaondoka jimboni. Mwalimu wa timu akavuka mpaka, naye akaondoka. Asubuhi yake wakatanguliza wachezaji wa akiba uwanja wa ndege, kama mtu atumavyo mtoto kuchungulia njia. Walipoona hakuna askari wa kuwazuia, wachezaji wenyewe wakaja mbio, wakapanda ndege, wakaenda zao.

Tarehe 15 Machi, huko East Lansing katika jimbo la Michigan, makapteni wawili wakakutana katikati ya uwanja: Jerry Harkness mweusi wa Harlem, New York, na Joe Dan Gold mweupe. Wakapeana mikono. Mara taa za wapiga picha zikamulika pande zote, pa! pa! pa! Harkness alisimulia baadaye kwamba hapo ndipo alipotambua kuwa huu si mchezo wa mpira tu. Yeye alikuwa amekwisha kupokea barua za vitisho kutoka kwa wabaguzi, zimefika mpaka bwenini. Mchezo wenyewe ulikwenda kwa amani. Loyola walishinda 61 kwa 51.

Juma moja baadaye, mchezo wa mwisho, Louisville. Wapinzani ni Cincinnati, mabingwa wa miaka miwili mfululizo. Kipindi cha pili Loyola walikuwa nyuma kwa pointi 15, na watu wakaanza kutafuta makoti yao. Loyola wakaanza kupanda, pointi mbili, pointi mbili. Zikiwa zimebaki sekunde chache Harkness akasawazisha, 54 kwa 54. Wakaongezewa dakika tano. Saa ikiwa karibu kulia Hunter akatupa, mpira ukakataa kuingia, Rouse akaruka akaurudisha kikapuni. 60 kwa 58! Wale watano wa Loyola walicheza dakika zote 45, hakutoka hata mmoja kupumzika.

Najua yupo kijana atakayeniandikia: mbona husemi habari za UCLA chini ya mwalimu John Wooden, waliochukua ubingwa mara 10 kati ya 1964 na 1975? Ni kweli, kwa makombe hakuna aliyewafikia. Na Texas Western je, walioanzisha weusi watano mwaka 1966 wakaipiga Kentucky 72 kwa 65? Hao nao wanastahili gazeti zima. Lakini nafikiri njia yao ilifyekwa na hawa niliowasimulia.

Loyola hawakusikika tena sana mpaka 2018, walipofika kwenye timu nne za mwisho. Mwaka ule dunia nzima ilimjua sista mmoja aliyekuwa akiisalia timu kabla ya mchezo, Sista Jean Dolores Schmidt, akiwa kitini chake cha magurudumu, na miaka 98. Huyo mama hakuishia kuwaombea, aliwaeleza wachezaji pia ni nani wa kuchunga upande wa pili. Alifariki Oktoba 2025, mwenye miaka 106.

Na wale makapteni wawili? Waliendelea kujuana, wakawa marafiki. Joe Dan Gold alifariki mwaka 2011, huko Kentucky. Harkness, mzee sasa, alisafiri kwenda kumzika. Alipoingia mahali pa maombolezo alitazama penye jeneza, akaona karibu yake imewekwa picha: vijana wawili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, wanapeana mikono katikati ya uwanja.