Ukienda Kupanda Vuria, Toa Pesa Ukiwa Voi

Unapanga kuanza Shimba Hills, uone maporomoko ya Sheldrick, kisha upande Vuria kule Taita, zaidi ya mita 2,200? Safi sana. Ada ya Shimba Hills lipa mapema kupitia eCitizen.

Shida iko mlimani. Simu ikizima, salio lako halinunui hata chai. Sisi huwa tunatoa pesa Voi, kabla ya kukata kona kwenda Mwatate na Wundanyi: ya boda, chakula na mtu wa kutuonyesha njia. Usingoje wakala wa huko juu, pengine floti imemwishia.

Na ukiambiwa utume pesa ya kushikilia chumba, soma jina linalotokea kabla ya muamala kukamilika. Ukiona si lenyewe, ghairi, upige simu kwanza.