MAELEZO KUHUSU KUTUMIA TENA VIOO VYA KOMPYUTA ZA MKONONI ZILIZOHARIBIKA

Katika ofisi nyingi na majumbani mwa wananchi, kompyuta za mkononi zilizoharibika huwekwa kabatini au hutupwa pamoja na taka nyingine, ilhali vioo vyake bado ni vizima. Aghalabu kinachoharibika ni bodi kuu, betri au kibodi. Kioo kizima kinaweza kutolewa na kufanywa skrini ya nje ya kompyuta nyingine, na mtumishi akaweza kusoma waraka upande mmoja huku akiandika upande wa pili.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo hapana budi yafahamike kwanza. Wengi hudhani kwamba wakiunganisha kompyuta mbili za mkononi kwa kebo ya HDMI, moja itageuka kuwa skrini ya nyingine. Sivyo. Takriban katika kompyuta zote za aina hiyo, tundu la HDMI hutoa picha tu wala halipokei.

Iwapo kompyuta ya zamani bado inafanya kazi, haina haja ya kufunguliwa. Windows 10 na Windows 11 zina programu ya hiari ya kupokea picha bila waya kutoka kompyuta nyingine, mradi vifaa vya kompyuta zote mbili viweze kuitumia.

Iwapo kompyuta haiwaki tena, kioo kitahitaji bodi ndogo ya kukiendesha. Bodi hiyo hupokea picha kwa HDMI, huigeuza iwe katika lugha ambayo kioo kinaielewa, na hutumia adapta ya umeme, mara nyingi ya volti 12. Bodi zote hazifanani. Vioo vya zamani hutumia mfumo wa LVDS, na vya miaka ya karibuni hutumia eDP. Bodi ya mfumo mmoja haiendeshi kioo cha mfumo mwingine.

Kwa hivyo, kabla ya kununua chochote, kioo kitolewe na namba iliyobandikwa mgongoni mwake inakiliwe yote. Namba ya kompyuta yenyewe haitoshi. Kwa mfano, vioo vya LG vya inchi 15.6 vyenye namba LP156WHB vipo vya aina mbili: vinavyofuatiwa na herufi TL ni vya LVDS, na vinavyofuatiwa na TP ni vya eDP. Herufi moja ikikosewa, fedha imepotea. Aidha, baadhi ya bodi za LVDS zina kipini cha kuchagulia volti 3.3, 5 au 12 za kupelekwa kwenye kioo. Vioo vya kompyuta za mkononi kwa kawaida huhitaji volti 3.3, kipini kikiachwa kwenye 12, kioo huungua.

Tahadhari kubwa zaidi inahusu vioo vya kabla ya taa za LED kuenea, yaani takriban kabla ya mwaka 2010. Vingi vyao humulikwa kwa mrija mwembamba wenye zebaki, ambayo ni sumu, na kifaa kinachouwasha hutoa umeme wa mamia ya volti. Vioo hivyo visifunguliwe na asiye fundi, wala mrija usivunjwe au kuchomwa moto.

Kwa upande wa watumishi, inasisitizwa kwamba kompyuta ya Serikali ni mali ya umma hata ikiwa imekufa. Isifunguliwe wala kuchukuliwa nyumbani bila ya idhini ya mkuu wa ofisi na kuandikwa katika daftari la mali. Diski yake itolewe mwanzo na kukabidhiwa kwa mhusika, kwani nyaraka za ofisi hubaki ndani yake ingawa kompyuta haiwaki.

Mwisho, gharama zipigiwe hesabu mapema. Bei ya bodi, adapta na fremu ya kukishikilia kioo ikikaribia bei ya skrini iliyokwishatumika, ni bora kununua skrini. Lakini pale ambapo kioo ni kizima, namba yake inajulikana na fundi yupo, si busara kukitupa jaani kitu ambacho bado kina kazi ya kufanya.