Ukishindwa Mara ya Kwanza, Rufaa Iko



Wengi wetu wa Giheke, tukishindwa katika shauri la kazi, huona mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Mfanyakazi ana haki ya kukata rufaa, na mahakama yenyewe iko karibu.

Kwanza tukumbuke njia ya shauri. Kwa sheria ya kazi ya mwaka 2018, ugomvi wa mfanyakazi na mwajiri huanzia kwa wajumbe wa wafanyakazi, ambao hujaribu kupatanisha. Wakishindwa, hupelekwa kwa mkaguzi wa kazi. Naye akishindwa, ndipo mahakamani. Kwetu ni Mahakama ya Kati ya Rusizi.

Rufaa yake huenda wapi? Zamani Rwanda ilikuwa na mahakama nne za rufaa: Kigali, Nyabisindu, Ruhengeri na Cyangugu. Mageuzi ya mwaka 2004 yaliziondoa, na kazi hiyo ikachukuliwa na Mahakama Kuu. Mahakama Kuu ina tawi lake Rusizi, kwa hiyo mchumaji chai halazimiki kusafiri hadi Kigali kutafuta haki yake. Majaji wa tawi hilo huwekwa na Baraza Kuu la Mahakama. Hawawekwi na mwajiri wala mkuu wa wilaya.

Ndugu, shikeni mambo matatu.

Kwanza, siku. Rufaa hukatwa ndani ya siku 30. Ukichelewa, hata ukiwa na haki, mlango umefungwa. Hudhuria siku hukumu inaposomwa.

Pili, madai. Kwenye rufaa huleti dai jipya. Kama ulisahau kudai malipo ya likizo pale mwanzo, jaji wa rufaa hatakupa. Daini yote tangu siku ya kwanza.

Tatu, sababu. Kusema "sikuridhika" hakutoshi. Onyesha hukumu ilikosea wapi, na ushike ushahidi wako: mkataba, karatasi za mshahara, barua ya kufukuzwa.

Tangu mwaka 2018 iko pia Mahakama ya Rufaa mjini Kigali, yenye kusikiliza rufaa ya pili kwa majaji watatu. Lakini haipokei kila shauri. Sheria imeweka masharti. Basi tusiitegemee. Tupiganie haki yetu Rusizi.

Asiye na pesa za wakili aende wilayani, kwenye ofisi ya msaada wa sheria, MAJ. Ushauri wake ni bure. Asingoje siku ya 29.