Ndege zinagonganaje zikiwa ardhini?

Ninyi wasikilizaji wetu mnaoishi jirani na hifadhi, Tarime na Serengeti, mmezoea kuona ndege ndogo za watalii zikielekea Kogatende. Kiwanja kile ni cha changarawe, hakina mnara wa kuongozea ndege. Marubani hutangaziana wenyewe kwa redio: nipo wapi, natua, naondoka. Asiyesikika ndiye hatari.

Mnara nao hautoshi. Machi 27, 1977, kisiwani Tenerife, Hispania, ukungu ulikuwa mzito, waongoza ndege hawaoni njia ya kurukia. Rubani wa KLM akaanza kuikimbiza ndege apae, hajaruhusiwa, na ndege ya Pan Am bado iko mbele yake kwenye njia hiyo hiyo. Mnara ukamwambia asubiri. Wakati huo huo Pan Am nao wakasema bado wapo njiani. Sisi watu wa redio tunajua wawili wakiongea pamoja kwenye masafa mamoja inakuwaje: kule KLM ulisikika mlio wa kukwaruza tu. Walikufa watu 583.

Tangu hapo neno "kupaa" hutamkwa redioni pale tu ruhusa inapotolewa au kufutwa.

Bado maneno yanaponza. Januari 2, 2024, uwanja wa Haneda, Tokyo, rubani wa ndege ya walinzi wa pwani aliambiwa ni namba moja kwenye foleni. Akadhani ameruhusiwa, akaingia njiani. Ndege ya abiria ikatua na kumgonga. Waliokuwemo humo, 379, walitoka wote hai. Kwenye ile ndogo, kati ya sita alipona mmoja, rubani mwenyewe.