Mabibi wa Harare na dawa ya mawazo mengi

Mwaka 2005 Dk. Dixon Chibanda, bingwa wa magonjwa ya akili nchini Zimbabwe, alimpoteza mgonjwa aliyejiua. Msichana huyo alitakiwa arudi hospitalini, lakini familia yake ilikosa nauli ya basi. Mabingwa wa fani hiyo nchi nzima walikuwa wa kuhesabika, hivyo Chibanda akatafuta msaada ulio karibu na watu: mabibi 14 wa kitongoji cha Mbare, Harare, waliokuwa wahudumu wa afya ya jamii. Zahanati haikuwa na chumba cha kuwapa, wakawekewa benchi nje. Ndivyo Benchi la Urafiki lilivyoanza.

Anayeketi hapo huulizwa kwanza maswali 14 kuhusu wiki iliyopita: je, umewaza kupita kiasi, umekosa usingizi, umelia, umefikiria kujiua? Kisha humwaga yote: kodi, ada ya mtoto, ndoa, maradhi. Bibi husikiliza. Halafu humwomba achague tatizo moja tu, wataje pamoja njia za kulikabili, naye mwenyewe aamue ataanza na ipi. Baada ya siku kadhaa hurudi kueleza imekuwaje. Vikao kwa kawaida havizidi sita.

Kwa nini moja? Mwenye sonona huyaona matatizo yake yote kwa pamoja. Akigusa la kodi, la ada linaibuka. Mwisho haanzi popote, na kule kutofanya lolote kunamthibitishia kwamba hana uwezo. Hatua ndogo iliyokamilika inampa ushahidi wa kinyume. Wahenga walishasema, mshika mbili moja humponyoka.

Mbinu hii imepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA ulihusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban 14 kwa kila 100 upande wa benchi, na 50 kwa kila 100 upande wa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Huduma hiyo sasa imefika pia Malawi na Zanzibar.

Mbinu hiyo unaweza kuijaribu hata nyumbani: chukua daftari uandike yote yanayokusumbua. Chagua moja unaloweza kulisogeza ndani ya wiki hii, hata kama si kubwa kuliko yote. Orodhesha njia bila kuzikosoa, kisha teua moja na uipangie siku na saa. "Nitashughulikia kodi" haitoshi; "Jumanne asubuhi nitamwomba mwenye nyumba nilipe kwa awamu mbili" inatekelezeka. Mwambie dada, shemeji au rafiki unayemwamini, mkubaliane siku ya kumpa taarifa.

Lakini daftari lina mpaka wake. Anayefikiria kujiua, anayesikia sauti wasizosikia wengine, au aliyeshindwa kula na kufanya kazi kwa wiki mbili au zaidi, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Hata Harare, mabibi huwapeleka watu wa namna hiyo kwa wauguzi.

Na mwenye nyumba akikataa? Mweleze mwenzako ilivyokuwa, mrudi kwenye orodha, mchukue njia ya pili. Ndiyo maana ziliandikwa kadhaa.